Sabuni Kwenye Alumini na Fuawe ya Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia karakana nikitazama chini, na kwa kweli sehemu kubwa ya miaka yangu ya kazi niliifanya hivyo hivyo, nikitazama chini. Ilikuwa mjini Migori, muda mfupi kabla ya Uhuru. Nilivaa gauni langu la kanisani kwa sababu hakuna mtu aliyeniambia kwamba masizi hayachagui. Msimamizi wa karakana, Bwana Elijah Okinyi, mtu mfupi aliyetembea na penseli sikioni, alinipa aproni ya gunia na kipande cha sabuni ya kufulia.

Nikamuuliza, "Nifue nini?"

Wanaume wote waliokuwa mle ndani wakacheka. Aliyecheka zaidi ni mvuta mivukuto, Chacha Marwa, Mkuria kutoka Kegonga, kijana mwenye mabega kama ya fahali. "Atufulie soksi," akasema. "Zangu zimesimama zenyewe pale kwa kona."

"Nyamaza, Chacha," akasema Msimamizi. "Mama, hapa hufui kitu. Hiyo sabuni ndiyo macho yetu."

Halafu mlango ukafunikwa na kivuli cha mtu mrefu, kicheko kikakatika, nami nikageuka upesi kutazama ukuta. Aliyeingia alikuwa Fundi Mkuu, Mzee Yonah Ogutu. Alikuwa pia baba mzazi wa mume wangu.

Ninyi wa siku hizi mnakaa meza moja na baba mkwe, mnagombania rimoti. Nyumba nyingine hata zamani hazikuwa kali sana, lakini ya kwetu ilikuwa kali. Mke wa mwana hakumkazia macho baba mkwe, hakukalia kiti chake, na hakumwelekezea neno moja kwa moja. Ukiwa na la kumwambia, ulimpitishia mtu mwingine, hata kama mzee mwenyewe amesimama pale pale anakusikia. Aibu ya mambo kama hayo Wajaluo tunaiita wichkuot, yaani kichwa kuvimba. Nami siku ile nilikihisi changu kikivimba chini ya kitambaa.

Mtauliza nilifikaje pale. Kazi ya sabuni ilikuwa ya mume wangu, Jeremia. Alipopata kazi kwenye mashamba ya chai Kericho, Msimamizi alijaribu wanaume kadhaa mahali pake na wote wakaharibu. Walikuwa hawajui kutofautisha kahawia na kahawia. Mimi nyumbani kwetu Kosele nilikuwa nikichemsha magome na mizizi kutia rangi makonge ya vikapu tangu nikiwa msichana, na Jeremia akamwambia Msimamizi kwamba jicho la mke wake haliwezi kudanganywa na rangi. Baba mkwe alipopata habari alimtuma mama mkwe, Mama Norah, kuniambia, "Ule moto si wa jikoni." Nikafikiri yamekwisha. Lakini Msimamizi alishikilia, na Mzee Ogutu, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa na msimamizi, safari hii alinyamaza. Sikuelewa kwa nini. Nilikuja kuelewa baadaye, na nikatamani nisingeelewa.

Sasa niwaeleze kazi. Tulitengeneza masikio ya sufuria kubwa, zile za kupikia uji wa shule na hospitali, ambazo zikijaa huinuliwa na watu wawili. Sufuria zenyewe zililetwa zikiwa tayari kutoka Kisumu. Masikio tuliyafanya sisi kwa alumini kuukuu. Tuliyeyusha mabodi ya lori, sufuria zilizotoboka, vipande vya injini, tukamwaga kwenye mchanga kupata vijiti vinene kama gumba la mguu. Kijiti kikipoa kilirudishwa motoni kupata joto kiasi, kisha kikakunjwa juu ya fuawe, lile pande la chuma ambalo mhunzi hupigia. Hatimaye ncha zake mbili zilitobolewa na kufungwa kwenye sufuria kwa ribiti.

Mnaweza kuona ni kazi rahisi. Tatizo ni kwamba alumini ni msiri. Chuma cha kawaida ukikitia motoni kinakuambia kiko wapi. Kinakuwa chekundu, kinakuwa cha machungwa, kinakaribia weupe, na mhunzi anakisoma kama saa ya ukutani. Alumini haibadiliki uso hata kidogo. Inakaa pale motoni ikiwa ya fedha vile vile, kama mgeni mwenye adabu ambaye hasemi ana njaa, halafu mara moja inaanguka chini ikiwa maji. Ndiyo maana ya sabuni. Kabla ya kuweka kijiti motoni nilikipaka mstari wa sabuni mgongoni. Joto likipanda, mstari ule ulianza kuwa wa manjano, ukaingia rangi ya chai ya maziwa, halafu chai ya rangi. Hapo alumini imelainika na inakubali kukunjwa. Mstari ukiwa mweusi, umechelewa. Ukishapotea kabisa, ndani ya kijiti chembechembe zinazokishikilia zimeanza kuachiana, ingawa kwa nje hujaona lolote. Ukikipiga wakati huo kinavunjika kama ukoko wa ugali.

Na ukikipiga kingali baridi? Kinavunjika pia, lakini kwa namna nyingine. Kinakatika kwa mlio, na mvunjiko wake unametameta kama sukari, hasa kama kuna vipande vya injini vingi ndani yake. Kwa hiyo kulikuwa na mlango mmoja mwembamba kati ya baridi na joto, na kazi yangu ilikuwa kusema mlango umefunguka.

Hapo ndipo ilipokuwa shida yetu, maana aliyetakiwa kuambiwa ni baba mkwe.

Tulifanya hivi. Mimi nilikaa upande wa kushoto wa moto nimempa ubavu. Chacha alikuwa katikati na mivukuto. Mzee alisimama kulia kwenye fuawe. Rangi ikifika, nilisema, "Chacha, mwambie Baba imefika." Chacha aligeuza shingo, "Mzee, anasema imefika." Mzee alijibu, "Mwambie akitoe." Chacha akanigeukia, "Mama, anasema ukitoe." Ndipo nilipokamata koleo, nikakichomoa kijiti na kukilaza kwenye fuawe bila kuinua macho.

"Mimi ni posta ya hawa watu," Chacha aliwaambia wateja. "Ila stempu zangu hawanunui."

Watu walicheka, hata Mzee alicheka kwa pua. Mimi sikucheka. Wanawake wa sokoni waliponiona natoka jioni nimejaa masizi, nikitembea nyuma sana ya baba mkwe kwenye njia ile ile, walinyamaza mpaka nimepita, halafu nikasikia nyuma, "Ndiye yule anashinda jiko moja na babake Jeremia." Nilianza kupitia njia ya mtoni.

Kulikuwa na jambo jingine. Mzee Ogutu alijifunza kwa chuma, tangu ujanani alikuwa akitengeneza majembe, na mkono wake ulikuwa wa chuma. Mhunzi wa chuma hupiga kikiwa moto sana, tena upesi upesi, kabla hakijapoa. Ulikuwa uzuri kumtazama, nyundo ikidunda kama mvua ya mawe. Lakini alumini haitaki hivyo. Nilikuwa naona vijiti vingine vilivyotoka rangi ikiwa nzuri kabisa vikipasuka ufa mwembamba kama unywele upande wa nje wa mkunjo. Vile ambavyo Mzee alivipiga polepole kwa sababu amechoka, havikupasuka. Niliyaona hayo, na sikujua maana yake, wala sikuwa na mtu wa kumwuliza. Ningemwambiaje Chacha amwambie Mzee kwamba anapiga vibaya? Hata posta ina barua isiyopeleka.

Nyufa zile Mzee hakuziona. Mimi nilidhani anazidharau.

Basi siku moja akaja Salome Atieno, mpishi wa shule moja ya wasichana iliyokuwa karibu na mji. Alikuja amebebwa kwenye kiti cha baiskeli, mguu mmoja umefungwa vitambaa mpaka gotini. Sikio la sufuria lilikatika mkononi mwake wakati yeye na mwenzake wameinua uji unaotokota. Alikuwa amekishika kile kipande, akakibwaga juu ya fuawe.

"Mzee Ogutu, hili sikio ni lako?"

Mzee akalichukua, akalipapasa kwa kidole mahali lilipovunjika. Akalipapasa kwa muda mrefu, hakulitazama. "Ni langu," akasema.

"Mguu nao ni wangu," akasema Salome.

Mle ndani hakuna aliyejua pa kuweka macho. Mimi niliona mvunjiko ule kutoka nilipokaa. Haukumeta kama sukari. Ulikuwa wa kijivu, wa kufikichika. Kijiti kile kilipigwa kikiwa kimepita ule mlango.

Shule ikatuma habari kwamba haitanunua tena kwetu, ila kama masikio mapya yatakunjwa mbele ya mtu wao, kisha yajazwe uzito na kuinuliwa mbele ya mtu wao. Mtu wao alikuwa Salome mwenyewe. Msimamizi Okinyi alimwambia Mzee waziwazi, nami nikisikia, "Fundi Mkuu, mwenye karakana ameniuliza kama umezeeka. Nimesema bado. Usinifanye mwongo." Kwa hiyo mnaelewa kilichokuwa kinangoja juu ya fuawe siku ile. Cheo cha mzee wangu, na jina lake, na miguu ya wapishi ambao hatukuwajua.

Siku yenyewe ilipofika, Chacha hakuwepo. Kwao Kegonga kulikuwa na tohara ya wadogo zake na alikuwa ameomba ruhusa tangu zamani. Aliyewekwa kwenye mivukuto alikuwa mtu wa kumwaga mchanga, Nehemia, bubu na kiziwi tangu kuzaliwa. Mtu mwema sana. Hakuna aliyefikiria jambo lile. Msimamizi alifikiria mivukuto tu. Mimi nililifikiria nilipokwisha kupaka sabuni na kijiti kimekwisha kulala motoni: leo hapakuwa na wa kunipelekea neno.

Salome alikuwa amekaa kwenye sanduku karibu na mlango, mguu ameunyoosha. Walikuja pia wanawake wawili wa sokoni, ati kumsindikiza. Msimamizi alisimama na penseli yake.

Mstari ukawa wa manjano. Ukawa chai ya maziwa. Nikagonga koleo kwenye jiwe, kidogo, nikitumaini Mzee atajua. Hakugeuka. Nikagonga tena.

"Huyo mama anapiga ngoma?" akauliza mmoja wa wale wanawake.

Ukawa chai ya rangi. Nikamtazama Nehemia, naye akanitazama kwa macho yake mazuri, akazidi kuvuta mivukuto kwa sababu alidhani namhimiza. Moto ukanguruma. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, niliinua macho nikamtazama baba mkwe usoni. Alikuwa ameinama kuelekea kijiti, amekaza macho pale pale kwenye mstari wa sabuni, kwa karibu kabisa, kama mtu anayesoma. Na macho yake yalikuwa na ukungu. Ukungu mweupe, kama maziwa ndani ya maji. Mstari ulikuwa unageuka mweusi mbele ya pua yake na hakuona kitu.

Ndipo nikaelewa kwa nini hakupinga nilipoandikwa kazi.

Mzee alichoka kungoja. Alichukua koleo lake mwenyewe, akakichomoa kijiti, akakilaza kwenye fuawe, akainua nyundo juu kwa ule mkono wake wa chuma. Sabuni ilikuwa imekwisha kupotea.

"Baba, wacha! Imepita!"

Sauti ilikuwa yangu. Ilitoka kubwa kuliko nilivyowahi kuita hata ng'ombe. Nyundo ilisimama hewani. Mwanamke mmoja mlangoni akasema, "Uwi!" Nehemia naye, ambaye hakusikia, akaacha kuvuta kwa sababu aliona nyuso zetu.

Mzee akashusha nyundo polepole, akailaza kwenye fuawe bila sauti. "Mama amesema imepita," akasema, akitazama upande wa mlango, asione aliyekuwa pale. "Basi imepita. Mimi sikuona."

Hakusema "sikuangalia". Alisema sikuona, mbele ya Msimamizi, mbele ya wanawake wa soko. Akafungua kamba za aproni.

Salome ndiye aliyesema kwanza, na hakuwa na nia mbaya, uchungu wa mguu ndio uliosema. "Kumbe ni huyu mama ndiye fundi! Na tulikuwa tunamlaumu mzee wa watu kipofu!"

Ningekuwa na shimo ningeingia. Nilikuwa nimemwambia baba mkwe "wacha", kama anavyoambiwa mtoto aliyeshika kisu. Kisha nikamvua nguo mbele ya watu, maana kujulikana kwamba fundi haoni ni sawa na kuvuliwa nguo. Msimamizi akasema, "Mama, malizia kazi." Nikamaliza. Nilipaka kijiti kingine, nikakitoa kikiwa chai ya rangi, lakini nyundo ya Mzee sikuthubutu kuishika. Nilikibana kwenye jiriwa nikakikunja kwa kukisukuma polepole na bomba. Hakikupasuka hata unywele. Masikio yakafungwa, sufuria ikajazwa mawe, ikainuliwa mara nyingi, Salome akaridhika. Mzee Ogutu alikuwa amekwisha kuondoka, na sijui aliionaje njia.

Jioni Mama Norah alinikuta nje ya boma nimekaa na gauni langu chafu.

"Ni kweli ulimwambia wacha?"

"Ni kweli, Mama."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Akakaa chini kando yangu, akavua viatu. "Mimi miaka yote hii sijawahi kumwambia wacha," akasema. "Na kuna siku nilitaka." Chakula cha Mzee siku ile hakikuguswa, na wala hakikupikwa na mimi.

Msimamizi aliniona siwezi kukaa pale, akanihamisha Homa Bay, kwenye karakana ndogo ya mwenye karakana yule yule karibu na gati. Kule tulitengeneza vishikio vya mashua na pembe za kufungia kamba zake, na ziwa mwaka ule lilikuwa limepanda mpaka maji yakawa yanatutembelea kazini. Mkubwa wangu alikuwa Fundi Barnaba Odero, aliyewahi kufanya kazi kwenye meli, mtu wa maneno mengi. Huyu alinieleza yale niliyoyaona bila kuyajua.

"Chukua waya huu," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Ukunje polepole, uende ukirudi. Sasa uguse kwa mdomo."

Nikagusa. "Ni wa kawaida."

"Sasa ukunje haraka haraka. Gusa."

Niliruka. Ulikuwa unaunguza.

"Nani aliutia motoni?" akauliza.

"Hakuna."

"Haraka yako ndiyo moto. Sasa fikiria kijiti ambacho tayari kiko karibu kupita. Ukikisukuma polepole, joto la kukunja linapata nafasi ya kutoka, na zile chembe ndani zinapata nafasi ya kujipanga. Ukikigonga upesi upesi, nyundo inaongeza joto palepale kwenye mkunjo, kinapita mlango hata kama ulikitoa na rangi nzuri. Hicho ndicho kinachopasua."

"Na kama ni baridi?"

"Baridi pia polepole ni afadhali, lakini alumini ya injini ikiwa baridi ina kiburi, itavunjika tu. Joto na mwendo, Nyar Kosele, usipime kimoja ukasahau kingine."

Alikuwa akiniita Nyar Kosele, binti wa Kosele, kama wanavyoitwa wake walioolewa kutoka kwetu. Nilijifunza mengi kwake. Tulikuwa na desturi ya kukunja kijiti kimoja cha majaribio kutoka kila chungu cha kuyeyushia, maana mchanganyiko haufanani. Alumini ya sufuria kuukuu ni laini na ina msamaha, ya injini haina. Nikawa fundi kwa jina, na watu wa gati wakanizoea. Lakini kila nilipoenda nyumbani mwisho wa mwezi nilizunguka boma nisipite mbele ya nyumba ya Mzee. Naye, aliponisikia nikikohoa, aliingia ndani. Aliacha kazi ya karakana msimu ule ule. Kila mtu alinihesabia mimi, nami nilijihesabia.

Miaka kadhaa ikapita. Asubuhi moja nikiwa kwenye moto wangu Homa Bay nikasikia sauti mlangoni ikisema, "Hodi, posta!"

Alikuwa Chacha Marwa, amenenepa. Na nyuma yake, mkono begani mwake, Mzee Yonah Ogutu, macho meupe kabisa. Nikageukia ukuta kabla sijafikiri. Fundi Barnaba akataka kuleta kiti, Mzee akakataa.

"Nipelekeni kwenye fuawe," akasema.

Chacha akampeleka. Mzee akaiwekea kiganja, akaipapasa pembe yake yote kama mtu anayepapasa kichwa cha ng'ombe wake. Chacha akakohoa. "Mzee, niambie nimwambie nini. Posta imefunguliwa."

"Wewe nyamaza, wewe unachelewesha," akasema Mzee. Kisha akainama kidogo. "Wewe fuawe. Mimi ni Ogutu, mwana wa Ongoro, fundi. Kuna mama yuko humu ndani. Muulize. Siku ile ilikuwa imepita kweli?"

Fundi Barnaba alinitazama. Nikaelewa kwamba mzee huyu amekaa gizani miaka yote akijiuliza kama alivuliwa heshima yake kwa haki au kwa kelele za mwanamke mwenye woga.

Sikugeuka. Nikaiambia ile fuawe, "Mwambie Baba ilikuwa imepita. Sabuni ilikuwa imepotea kabisa."

Akakubali kwa kichwa. Vidole vyake vilikuwa bado vinatembea kwenye chuma. "Muulize tena. Na lile la mguu wa Salome? Ni macho yangu?"

Hili lilikuwa gumu. Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Mwambie Baba, macho hayakuwa kazi yake, yalikuwa kazi ya sabuni. Lile lilichelewa njiani. Niliona rangi imefika nikamwambia Chacha, Chacha akasema, Baba akajibu, Chacha akarudisha. Kabla maneno hayajazunguka, mstari ulikuwa mweusi. Na Baba alikuwa akipiga upesi kama chuma. Yote mawili."

"Ala!" akasema Chacha. "Sasa mguu wa Salome ni wangu?"

Fundi Barnaba akacheka, akaziba mdomo. Mzee hakucheka. "Kwa hiyo mama aliiona ikiwa nyeusi," aliiambia fuawe. "Siku zile zote, kabla ya ile siku. Aliiona."

"Aliiona," nikasema.

Akasimama wima. Nikangoja anilaani. Nilikuwa nimengoja miaka.

"Basi mwambie," akasema, "angepiga kelele mapema."

Akamgonga Chacha begani, wakatoka.

Yalikuwa maneno ya mwisho kati yetu, kama yanaweza kuitwa kati yetu. Miaka yote nilikuwa nikiona aibu kwa kelele niliyopiga. Tangu asubuhi ile aibu ilihama, ikakaa mahali pengine, kwenye vijiti vyote nilivyoviona vikipita huku nimetazama ukuta kwa adabu. Haijatoka huko. Salome alichechemea mpaka alipofariki, na kila nilipokutana naye soko la Oyugis alinisalimu vizuri, akaniita fundi. Nilikuwa nikimwitikia huku natazama mguu.

Nilistaafu karakana ilipofungwa, sufuria zilipoanza kuja na masikio yake kutoka viwandani. Mnaosoma haya na kufanya kazi za moto, mna vipima joto vya namba, hamhitaji sabuni. Ni vizuri. Lakini namba nayo inahitaji mtu wa kuisema, na mtu wa kuisikia, na isizungukie kwa Chacha.

Mke wa mwanangu, Beril, ni mtoto wa watu mwenye heshima nyingi. Akiona jambo hunitumia mtoto, au husimama mlangoni akingoja nimwone. Nimemwambia mara nyingi, mbele yangu piga kelele tu. Hutabasamu na kutazama chini. Jana nilikuwa nimesinzia karibu na jiko na sufuria ya maziwa, mara nikasikia kutoka uani, "Mama, epua! Yanamwagika!" Sauti ilifika hadi kwa majirani. Mashavu yaliniwaka, mimi bibi kizee. Nikaepua.